SUMO na Sumu

Mwaka 1996, katika maabara ya Günter Blobel mjini New York, protini moja iitwayo RanGAP1 ilionekana ikiwa na sura mbili. Yenye uzito wa kilodaltoni 70 ilielea ndani ya saitoplazimu, ule ute unaokizunguka kiini cha seli. Yenye 90 ilikuwa imeng'ang'ania kwenye matundu ya ukuta wa kiini. Jeni yao ni moja. Kumbe ile nzito ilikuwa imebandikwa protini nyingine nzima ubavuni, ambayo leo tunaiita SUMO.

SUMO ni ndugu wa ubikwitini, protini iliyowapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Ukipanga asidi amino zao sambamba, zinafanana kwa takribani asilimia 18 tu. Lakini zikishajikunja, umbo ni lile lile: mfano wa kiganja kilichofumbata kijiti. SUMO imeongezewa mkia mlegevu mwanzoni. Mwishoni ina asidi amino mbili za glisini, na hapo ndipo inapogandia.

Ili igande, kimeng'enya cha jamii ya SENP hukata kwanza kipande kinachozifunika glisini hizo. Kingine huichangamsha SUMO kwa nishati ya ATP, kisha huikabidhi kwa kimeng'enya Ubc9, nacho huibandika kwenye laisini, asidi amino mojawapo ya protini iliyokusudiwa. Ubikwitini ina makumi ya vimeng'enya vya kazi hiyo. SUMO ina Ubc9 peke yake. Panya wasio na Ubc9 hufa wangali viinitete. Na vimeng'enya vya SENP vile vile huibandua SUMO iliyobandikwa, kwa kasi kubwa mno. Ndiyo maana kwa protini nyingi ni sehemu ndogo tu inayokutwa na SUMO kwa wakati mmoja.

Ubikwitini mara nyingi ni hati ya kifo: protini iliyobandikwa hupelekwa kwenye protiasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, ikakatwakatwa. SUMO kwa kawaida huihamisha protini au kuibadilishia washirika, kama ilivyofanya kwa RanGAP1.

Kuna wakati, hata hivyo, ndugu hawa wawili hushirikiana kuangamiza, na hapa ndipo sumu inapoingia. Katika lukemia ya promielosaiti, aina ya saratani ya damu, kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande. Huzaliwa protini chotara, PML-RARA, inayozizuia seli changa za damu zisikomae. Miaka ya 1970, madaktari wa Harbin, China, walianza kuwatibu wagonjwa kwa arseniki. Wagonjwa wengi walipona, lakini siri ya dawa hiyo ilifunuka polepole. Mwaka 2008 tafiti zilionyesha kwamba arseniki huifanya sehemu ya PML ya chotara hiyo ibandikwe mnyororo wa SUMO, kimeng'enya RNF4 huutambua mnyororo huo na kuongeza ubikwitini juu yake, na ile chotara huishia kwenye protiasomu.

Arseniki hiyo hupimwa kwa uangalifu na kutiwa mshipani hospitalini, chini ya macho ya madaktari. Asiye mgonjwa wa maradhi haya asiiguse. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa wasio katika kundi la hatari kubwa walipewa arseniki pamoja na dawa ya jamii ya vitamini A, bila tibakemikali. Baada ya miaka miwili, asilimia 99 walikuwa hai.