Ada ya 0.075 ni Shilingi Ngapi Hasa?

Umeomba mkopo kwa simu, ukaambiwa ada ni asilimia 7.5, yaani 0.075 ya pesa unazochukua. Inakaa kidogo, sivyo? Hebu igeuze iwe sehemu.

Hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta: 0, 7 na 5. Ni tatu, kwa hivyo chini andika 1 na sufuri tatu: 75/1000. Ile sufuri ya mbele usiiruke, maana ukiandika 75/100 utapata robo tatu ya mkopo mzima! Sasa rahisisha. Tafuta nambari kubwa kabisa inayogawanya juu na chini bila kubakisha. Hapa ni 25. Usipoiona, gawanya kwa 5 mara mbili, utafika palepale: 3/40.

Maana yake, kwa kila bob 40 unazokopa, unalipa 3 juu yake. Ukichukua 2,000, gawanya kwa 40 upate 50, kisha zidisha kwa 3: ada ni 150. Siku ya kulipa ikipita na ada hiyohiyo itozwe tena kwa zile 2,000, umefika 300, yaani 3/20.