Boma Lililogeuka Nyumba ya Sala

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, ndani ya Mbuga ya Virunga. Wakaaji wa pale wanajua vema faida ya ukuta, maana kiboko hapigi hodi. Lakini ukuta wa kanisa una kazi gani? Ili tufahamu, tutazame kijiji kingine cha ziwani, ambamo misioni ilianza zamani sana: Mpala, kando ya Tanganyika.

Mwaka 1883 Émile Storms, askari Mbelgiji, alijenga boma pale Mpala. Lilikuwa jengo la vita. Mwaka 1884 watu wake walimwua mtemi Lusinga, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ulaya. Jambo hilo tusilifiche. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe.

Basi, ngome na kanisa vinatofautianaje? Ngome humtazama adui aliye nje. Mlango wake ni mwembamba, ili wachache tu wapite. Kanisa hutazama altare; mlango wake ni mpana, ili wote waingie. Kwa desturi ya zamani mahali pa ubatizo huwa karibu na mlango, kwa kuwa kwa ubatizo mtu anaingia katika Eklezia.

Mpala haikugeuka kwa siku moja. Wakamata-watumwa walikuwa wangali wakizunguka, hata Kapteni Joubert akaja mwaka 1887 kuwalinda watu. Lakini sasa ukuta uliwakinga watoto waliokombolewa utumwani, waliofundishwa sala na kusoma. Baadaye seminari ikafunguliwa pale pale. Mmoja wa wanafunzi wake, Stefano Kaoze, alipewa Upadri huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi.

Ndugu makatekista na waseminari, mkiandika historia ya kanisa la parokia yenu, msihesabu matofali na mabati tu. Ulizeni wazee: Kiwanja kilikuwa cha nani? Nani walikanyaga udongo, nani walibeba maji? Nani waliumizwa, nani walipata kimbilio? Andikeni yote, mema na mabaya, wangali hai wanaokumbuka. Ukuta ukibomoka tutaujenga tena. Mzee akifa bila kuulizwa, habari zake zimekwenda naye.