Penseli Ilipokoma

Mwaka juzi nilinunua kitabu cha mtumba kwa kijana anayetandaza turubai lake kando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam. Kilikuwa kitabu cha kujiendeleza, jalada limechoka, kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa akipigia mstari wa penseli kila sentensi iliyomgusa. Ukurasa wa kwanza mistari sita, wa pili minne. Pembeni aliandika "Kweli kabisa!" na penginepo "Kuanzia kesho". Nikafuatana naye hivyo mpaka ukurasa wa 41. Hapo penseli ikakoma. Kurasa zilizosalia, zaidi ya 150, zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani.

Nilikaa nacho kitandani nikimfikiria mtu yule. Rafuni kwangu vilikuwepo vitabu tisa vya namna hiyo, na vyote tisa nilikuwa nimeviacha njiani.

Vitabu hivi vimeenea mijini kwetu. Utakuta Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, kilichotoka mwaka 1937, kimelala ubavuni mwa Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki cha mwaka 1997. Jirani yao yupo Paulo Coelho na The Alchemist, na Eckhart Tolle na The Power of Now. Vijana hurushiana nakala kwa simu, na wahamasishaji huvitaja majukwaani. Wasomaji wa vitabu hivi wanatafuta mambo mawili, ambayo mtaani yana majina yake: kutoboa na kujitambua.

Sitawacheka wanaovitafuta. Aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka mitatu bila ajira, akakutana na ukurasa unaomwambia kwamba maisha yake bado yana thamani, ana haki ya kutokwa na machozi. Hata mimi yamenitoka. Kinachonisumbua ni kinachofuata baada ya machozi. Moyo unachangamka kwa siku mbili tatu, halafu unapoa, nasi tunarudi kwenye turubai kununua kingine. Mchangamko tunaudhania kuwa ndio mabadiliko yenyewe.

Wengi huona uandishi huu kuwa mgeni kwetu. Huhesabu kuanzia kwa Samuel Smiles, aliyechapisha Self-Help nchini Uingereza mwaka 1859. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1858, katika upwa wa Lamu, Mwana Kupona binti Msham alikuwa tayari ametunga utenzi wake. Alikuwa mjane, tena mgonjwa. Alimwita binti yake aje na wino na karatasi, akampa wosia wa dini, adabu, ulimi na nyumba. Sikubaliani na kila neno lake kuhusu mke na mume. Zama zile si hizi. Ila kila ninaposoma beti zile namwona mtu wa pili amekaa pale karibu na kitanda. Mama anajua siku zake zinahesabika, na anajua hasa anasema na nani.

Kabla ya Mwana Kupona, mwanzoni mwa karne hiyohiyo, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga utungo wa Al-Inkishafi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka, na William Hichens alipouchapisha London mwaka 1939 aliuita kwa Kiingereza The Soul's Awakening, yaani kuamka kwa roho. Pate ulikuwa mji wa matajiri wa biashara ya bahari. Mshairi anatuonyesha majumba yao yakiwa magofu: vidaka vya ukutani vilivyopambwa kwa vyombo vya Kichina vimekuwa makao ya ndege, popo wananing'inia juu, na buibui wametanda nyuzi zao. Kilichonishika zaidi ni kwamba hamkemei msomaji. Anaukemea moyo wake mwenyewe, anauuliza mbona hauamki.

Shuleni niliusoma kwa ajili ya mtihani. Niliurudia wiki ileile ya kitabu cha penseli, usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Nilipofika kwenye majumba matupu, Pate ikanitoka akilini, nikaona kiwanja cha marehemu baba yetu. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Tangu matanga ya baba, mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa hatusemeshani kwa sababu ya kiwanja hicho. Mwaka wa nne ulikuwa unaingia. Katika muda huo nilisoma juu ya msamaha, utulivu wa nafsi na nguvu ya kuishi katika sasa, nikapigia mistari yangu, na namba ya kaka nilikuwa nayo kwenye simu hiyohiyo.

Asubuhi nikapiga. Alipopokea, nikasema, "Shikamoo, kaka." Akanyamaza. Nilisikia jogoo upande wake, na mtu akivuta ndoo sakafuni. Kisha akasema, "Marahaba, mdogo wangu." Hatukuzungumza la maana siku hiyo, tuliulizana habari za watoto na mvua, basi.

Tangu hapo nimeamini kwamba kitabu cha kuamsha roho hudai jibu, na hisia pekee haitoshi kuwa jibu hilo. Jibu ni kitendo, na mara nyingi kitendo hicho kina mtu wa pili: mke unayemnunia, mzazi usiyempigia, mfanyakazi uliyemcheleweshea ujira, rafiki unayedaiwa naye. Kujitambua kunakoishia ndani ya kichwa cha mtu, majirani zake hawatakuona. Kwa hiyo ukifunga kitabu chochote cha aina hii, kiwe cha Hill au cha Tolle, jiulize kwanza ni nani anangojea simu yako. Mpigie kabla hujarudi kwenye turubai.

Nami bado nanunua vitabu hivi, na nitaendelea. Vingine vina hekima ya kweli. Ila sinunui cha pili mpaka kile cha kwanza kinipeleke mlangoni kwa mtu.

Kiwanja hatujakigawana hadi leo. Lakini Jumamosi moja ya mwezi Agosti mimi na kaka tulikwenda na mafyekeo mawili, tukaanza kila mmoja upande wake, na kabla ya adhuhuri tukakutana katikati.