Msimbo wa Simu ya Maandishi na Tahajia ya Kiswahili

1. Utangulizi

Neno simu, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiajemi, kwa asili lina maana ya waya. Limetumika kwa mazungumzo ya mbali na vilevile kwa ujumbe wa maandishi uliopitishwa katika waya huo. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879. Makala hii inaeleza jinsi mitambo ya zamani ilivyogeuza herufi kuwa ishara za umeme, na kuonyesha kwamba misimbo iliyotumika haikuwa na uhusiano sawa na kila lugha.

2. Msimbo wa Morse

Mpelekaji alipobonyeza kitufe, mkondo wa umeme ulipita katika waya, na upande wa pili sumaku-umeme ikavuta kipande cha chuma. Waya una hali mbili tu: mkondo upo au haupo. Herufi zilipambanuliwa kwa muda. Kistari kimoja huchukua muda wa nukta tatu, na nafasi kati ya ishara za herufi moja huchukua muda wa nukta moja.

Katika msimbo wa Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail, E, herufi itumikayo zaidi katika Kiingereza, ilipewa ishara fupi kuliko zote, yaani nukta moja. A ilipewa nukta na kistari, ambavyo pamoja na nafasi baina yake ni vipimo 5. Katika Kiswahili herufi inayoongoza ni A, wala si E. Hivyo, herufi ambayo Kiswahili huihitaji zaidi ilichukua muda mara tano ya ile inayohitajiwa zaidi na Kiingereza.

3. Msimbo wa ishara tano

Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mfumo ambao kila herufi ina ishara tano. Msimbo wa aina hiyo, uliorekebishwa baadaye na Donald Murray, ndio uliotumiwa na teleprinta. Kila herufi hutanguliwa na ishara ya kuanza na kufuatwa na ishara ya kukoma, ili mashine mbili ziende sambamba. Kwa kasi ya kawaida ya bodi 50, kila ishara ya herufi huchukua milisekunde 20. Hapa A na E zina muda sawa. Hata hivyo, Murray alizipa herufi zitumikazo sana katika Kiingereza matundu machache kwenye utepe ili kupunguza uchakavu wa mashine: E ina tundu moja, A mawili.

Ishara tano za hali mbili hutoa michanganyiko 32 tu, ambayo haitoshi herufi 26, tarakimu 10 na alama za uakifishaji. Kwa sababu hiyo mchanganyiko mmoja huamuru “herufi” na mwingine “tarakimu”. Mingine mingi ina maana mbili, na maana inayokusudiwa hutegemea amri iliyotangulia.

4. Tatizo la ritifaa

Katika Kiswahili ritifaa hubainisha fonimu. Ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita. Ngoa ni wivu au tamaa. Katika teleprinta ritifaa iko upande wa tarakimu. Kuandika ng'oa kunahitaji N, G, amri ya tarakimu, ritifaa, amri ya herufi, O na A: michanganyiko 7 kwa neno la alama 5. Amri ya herufi ikipotea njiani, alfabeti ya kimataifa namba 2 huchapa ng'9-. Na mpelekaji akiiacha ritifaa ili kuokoa muda, neno hufika likiwa na maana nyingine, wala mpokeaji haoni dalili yoyote ya kosa.

5. Hitimisho

Msimbo wowote hujengwa juu ya hesabu ya herufi na uteuzi wa alama zinazohesabiwa kuwa za lazima. Mitambo hii imekwishapitwa na wakati, lakini funzo lake linabaki: alama ambayo lugha moja huiona kuwa pambo la uakifishaji, katika lugha nyingine yaweza kuwa sehemu ya neno lenyewe.