Ofisi Moja ya Walimu, Mishahara Mitatu

Mwalimu akiondoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, sababu zake zinajulikana hata kabla hajafunga mizigo: barabara ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, nyumba za walimu hazitoshi, darasa limejaa hadi mlangoni. Ni sababu za kweli, na zinaumiza. Lakini hazielezi kwa nini mwalimu anayeishi papo hapo makazini, asiye na nyumba mjini Mbarara ya kurudia kila Ijumaa, naye huiacha chaki akaenda kulima mahindi, kufungua kibanda cha kutuma pesa au kufanya ukalimani kwenye kituo cha afya. Kwa huyo umbali si hoja. Kinachomwondoa kimo ndani ya ofisi ya walimu, na ndicho ninachotaka kukieleza.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, yakiwapokea Wanyarwanda. Leo katika kanda zake tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Shule zake haziko nje ya mfumo wa nchi. Zinafuata mtaala wa Uganda, watoto wanafanya mtihani uleule wa kumaliza darasa la saba, na mtoto wa mwenyeji Munyankole hukaa dawati moja na mtoto aliyetoka Masisi, Kongo. Kwa upande wa wanafunzi Uganda imefanya jambo ambalo nchi tajiri zimeshindwa. Kwa upande wa walimu hali ni nyingine.

Ofisi moja ya walimu inaweza kuwa na watu wa aina tatu. Yupo mwalimu aliye kwenye orodha ya mishahara ya serikali: ameajiriwa kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, ana pensheni mbele yake, benki humkopesha kwa dhamana ya mshahara, na chama cha walimu, UNATU, humsemea. Pembeni yake yuko Mganda mwenzake mwenye cheti kilekile, ila ameajiriwa na shirika linaloendesha elimu kwa fedha za UNHCR au za wafadhili wengine. Mkataba wake ni wa muda mfupi, mara nyingi mwaka mmoja, na Desemba ikikaribia huanza kuulizia nafasi kwingine, maana hajui Januari itamkuta wapi. Halafu yuko mkimbizi. Wachache wamefanikiwa kulinganishiwa vyeti na kusajiliwa. Wengi wao huandikwa walimu wasaidizi, hulipwa posho iliyo chini kabisa ya mshahara wa wenzao, hata kama wana miaka mingi ya kufundisha Bukavu, Uvira au Bujumbura.

Chukua darasa la kwanza, asubuhi, somo la hesabu. Kiwango cha kitaifa ni wanafunzi 53 kwa mwalimu mmoja; katika shule za makazi kuvuka 100 ni jambo la kawaida. Mtaala unaotumika tangu 2007 unataka watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo, na hapa lugha ya eneo ni Runyankore, ambayo mtoto wa Kikongo aliyefika mwezi uliopita hajawahi kuisikia. Mwalimu anaandika ubaoni na kueleza kwa Kiingereza. Msaidizi anarudia kwa Kiswahili, kisha anainamia mstari wa nyuma na kurudia tena kwa Kinyarwanda. Mtoto mmoja anauliza kwa nini saba haiwezi kutolewa kwenye tano. Msaidizi hangoji kumtafsiria mwalimu swali hilo na kurudi na jibu. Anaokota vijiti sakafuni, anavipanga, anajibu. Watoto wanaelewa. Huyo amefundisha. Kengele ikilia, jina lake kwenye daftari la mahudhurio liko ukurasa wa mwisho, na mwisho wa mwezi yeye hukaa kwenye foleni nyingine.

Je, huo ni ubaguzi? Neno hili linatumika ovyo, kwa hiyo tulipime. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliuridhia 2005, unauita ubaguzi kila utengano au upendeleo unaotokana na rangi, jinsia, dini, asili ya kitaifa au ya kijamii, ukavunja usawa wa nafasi na wa kutendewa kazini. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 imelibeba katazo hilo. Lakini mkataba huo umeacha mlango mmoja: sifa ambazo kazi yenyewe inazidai hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Kumdai mwalimu wa darasa la sita ajue Kiingereza na mtaala wa Uganda ni halali kabisa, na mzazi yeyote angelidai hilohilo. Wanasheria wataongeza kwamba asili ya kitaifa na uraia ni vitu viwili tofauti, na serikali nyingi huhifadhi ajira za kudumu kwa raia wake. Wana hoja.

Hoja hiyo, hata hivyo, haifiki kwenye malipo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda ilijiunga nao 1976, unasema katika kifungu cha 24 kwamba mkimbizi aliye nchini kihalali atendewe sawa na raia katika ujira, saa za kazi na likizo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inampa haki ya kufanya kazi ya kipato na inataja wazi kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Sifa za kazi zinaweza kuamua nani aingie darasani. Mtu akishaingia, akashika darasa, akasahihisha madaftari hadi taa ikaisha mafuta, kumlipa sehemu tu ya ujira wa mwenzake kwa sababu karatasi zake ni za Kongo ni jambo ambalo siwezi kuliita kwa jina lingine.

Na karatasi hizo! Mkongo aliyemaliza shule ya ualimu ana diploma ya serikali kwa Kifaransa, kama hakuiacha nyumbani siku ya kukimbia. Lazima itafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayetambulika, kwa gharama yake. Cheti cha sekondari hulinganishwa na Bodi ya Mitihani, UNEB. Shahada hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Makao yao yako Kampala, na kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita takriban 270, bado hujahesabu mwendo wa kutoka Nakivale kufika Mbarara. Juu ya nauli kuna ada, na juu ya ada kuna usiku wa kulala mjini. Kisha kuna jambo zito kuliko fedha: kazi ya kulinganisha vyeti kwa kawaida husimama juu ya uthibitisho wa taasisi iliyokitoa cheti. Mtu aliyekimbia anatakiwa kubisha hodi kwa walewale aliowakimbia, au kwenye shule iliyoteketea pamoja na rejesta zake.

Hasara hii haimwangukii mkimbizi peke yake. Mwalimu Mganda aliyebaki na watoto 120 bila msaidizi mzoefu huchoka haraka, na akichoka huomba uhamisho, na nafasi yake huchukua miezi kujazwa. Serikali yenyewe imeona jinsi mgawanyo wa malipo unavyoitikisa shule. Mwaka 2022 ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wa masomo ya sanaa wakibaki walipokuwa. Juni mwaka huo UNATU iliitisha mgomo. Hao walikuwa raia kwa raia, wenye chama, na nchi nzima iliwasikia. Msaidizi wa Juru hana chama wala mgomo. Yeye huondoka kimyakimya, na kwenye ripoti huandikwa kwamba hakurudi muhula ulipofunguliwa.

Wanawake huumia zaidi. Sheria ya Ajira inampa mwajiriwa mwanamke siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo. Msaidizi anayehesabiwa kuwa wa kujitolea anaweza kuikosa, na mwenye mkataba wa mwaka anaweza kupewa likizo hiyo halafu mkataba usihuishwe. Wasichana wa darasa la saba huwatazama walimu hawa wakitoweka mmoja mmoja, kisha tunaitisha mikutano kujadili kwa nini wasichana wanaacha shule.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba nchi inawahitaji watu hawa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili na kifundishwe kwa lazima shuleni. Uhaba wa walimu wa Kiswahili Uganda unajulikana na kila mwalimu mkuu. Mwaka huohuo Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Burundi iko tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti. Kwa hiyo kuna walimu wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni, waliosomea ualimu, raia wa jumuiya moja nasi, na tumewaweka mstari wa nyuma wakitafsiri hesabu.

Chad, iliyo maskini kuliko Uganda, ilijaribu njia nyingine. Ilipowahamishia wakimbizi wa Darfur kwenye mtaala wake, walimu Wasudani walipelekwa chuo cha ualimu cha Abéché wakasomea vyeti vya Chad. Hawakuambiwa wakalete barua kutoka Khartoum.

Uganda haihitaji hata sheria mpya. Sheria ya Elimu ya 2008 inamtambua mwalimu aliyesajiliwa, na pia inaruhusu leseni ya kufundisha kwa asiyesajiliwa. Leseni hiyo itolewe kwa mkimbizi aliyepimwa darasani mbele ya mkaguzi wa wilaya, akasome Kiingereza na mtaala wakati wa likizo, mitihani yake aifanyie Mbarara badala ya Kampala. Posho yake ipande kila anapopita hatua, hadi ilingane na mshahara wa mwenzake. Fedha zitaulizwa, najua. Misaada ilipopunguzwa 2025, mikataba ya walimu katika makazi mengi nchini ilikuwa miongoni mwa vilivyokatwa. Lakini kumpima mtu aliye tayari darasani kunagharimu kidogo kuliko kutangaza nafasi, kusaili, kuajiri na kumzoesha mgeni ambaye mwakani hatakuwepo. Wilaya ya Isingiro ina wakaguzi. Majina ya wasaidizi wanaostahili kupimwa kwanza, kila mwalimu mkuu wa Nakivale anaweza kuyaandika leo kabla ya chakula cha mchana.