Hisa Badala ya Ardhi

Peso 9.50. Hicho ndicho baadhi ya vibarua wa shamba la miwa la Hacienda Luisita, mkoani Tarlac, Ufilipino, walichobakiwa nacho kwa wiki nzima mwaka 2004 baada ya makato. Hakikutosha kununua kilo ya mchele.

Shamba hilo, lenye hekta zaidi ya 6,000, lilinunuliwa na José Cojuangco mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mikopo iliyowezeshwa na serikali. Sharti mojawapo lilikuwa ardhi igawiwe wakulima. Haikugawiwa. Mwaka 1986 bintiye, Corazon Aquino, akawa rais, na miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya mageuzi ya ardhi. Lakini iliacha mwanya: kampuni ingeweza kuwapa wafanyakazi hisa badala ya ardhi. Luisita ikaupitia mwanya huo mwaka 1989.

Tazama hesabu ilivyopigwa. Ardhi ilithaminiwa kuwa theluthi tu ya mali za kampuni, kwa hiyo wafanyakazi wote kwa pamoja wasingezidi asilimia 33 ya hisa. Tena hisa zenyewe zilipangwa kutolewa kidogo kidogo kwa miaka 30, kulingana na siku ambazo mtu amefanya kazi. Na nani alipanga siku za kazi? Kampuni. Kila kibarua mpya alipoandikishwa, fungu la wa zamani lilipungua. Mwenye chungu ndiye aliyeshika upawa.

Vibarua waligoma Novemba 2004, na tarehe 16 watu saba wakauawa kwa risasi kwenye lango la kiwanda cha sukari. Kuhusu ardhi yenyewe, Mahakama ya Juu ilikata shauri mwaka 2012: hekta 4,335 zigawiwe watu 6,296.

Wengi hudhani kisa kiliishia hapo.  

Hakikuishia. Viwanja viligawiwa kwa bahati nasibu mwaka 2013, takribani theluthi mbili za hekta kwa kila mmoja. Mbegu, mbolea na trekta havikuja pamoja na hati. Wengi wakawakodisha wenye mitaji viwanja vyao, utaratibu unaoitwa kule aryendo. Baadhi yao sasa wanapalilia miwa kwenye ardhi yao wenyewe kwa ujira wa kutwa.