Mifupa ya Mtoto Bado Inajengwa

  Leo tutazungumza kuhusu mifupa ya mtoto.

Siku moja mama alikuja kliniki na mtoto wake wa kiume wa miaka 3. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka kitandani, mkono ukavimba. Kwa kuwa vidole vilikuwa vikicheza, watu wa nyumbani walisema mkono haujavunjika. Wakamkanda kwa maji moto na mafuta muda wa wiki 2. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kiwiko, na sasa ulianza kuunga ukiwa umepinda. Mama yule hakuwa mzembe. Hakujua tu mifupa ya mtoto ilivyo.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto anapozaliwa huwa na vipande karibu 300. Je, vile vingine huenda wapi? Havipotei. Huungana polepole anapokua. Sehemu nyingi za mifupa ya mtoto mchanga ni gegedu, kitu laini kinachopindika kama sikio lako unapolikunja. Gegedu hiyo hugeuka kuwa mfupa mgumu mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto awe kijana.

Tuanze kichwani. Mifupa ya fuvu la mtoto imeachana kidogo, ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa, na ubongo upate nafasi ya kukua. Pale juu panapodundadunda ni utosi. Kudunda si ugonjwa. Kwa kawaida utosi wa mbele hufunga mtoto akiwa na miezi 12 hadi 18. Lakini mtoto akihara au kutapika na utosi ukadidimia, ujue amepungukiwa na maji mwilini. Usipake kitu chochote juu yake. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS, na umpeleke kituo cha afya haraka. Utosi ukifura mtoto akiwa ametulia wala halii, hasa kama ana homa, hiyo ni hatari. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tushuke kifuani na mgongoni. Mbavu, jozi 12, ni kama ua linalozunguka moyo na mapafu. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa kama shanga, na katikati yake umepita mshipa mkubwa wa fahamu. Shingo ya mtoto mchanga bado haina nguvu, kwa hivyo shikilia kichwa chake unapombeba, na usimtikise hata akilia usiku kucha.

Sasa tufike kwenye mikono na miguu. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini ambayo ndiyo humfanya mtoto arefuke. Ikiumia na isitibiwe vizuri, mkono au mguu unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda. Tena, mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi: huweza kupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili bila kukatika. Ndiyo maana vidole vinaweza kucheza ilhali mfupa umevunjika.

Mtoto akianguka kisha akakataa kutumia mkono au kukanyaga, usikande wala usivute. Weka kipande cha kadibodi kando ya mkono, ufunge kwa leso bila kukaza sana, umpeleke hospitali. Kama kuna kidonda na mfupa unaonekana, funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani.

Mifupa pia huhitaji chakula na jua. Mtoto anayefungiwa chumbani siku nzima, au anayekosa chakula chenye madini ya chokaa, mifupa yake hubaki laini. Utaona vifundo vya mikono vimevimba, mtoto anachelewa kutembea, na miguu inapinda chini ya uzito wake. Kumbuka, miguu ya mtoto mdogo huwa na matege kidogo na hunyooka yenyewe. Ikizidi kupinda baada ya miaka 2, mwone daktari. Mtoto anayekula mpe maziwa, uji wa wimbi, na omena pamoja na mifupa yake, ukimsagia kama bado mdogo. Mtoe nje apigwe na jua kidogo kila siku.

Yule mtoto alitibiwa, lakini matibabu yalichukua muda mrefu kuliko kama angeletwa siku ile ile. Mama, mfupa wa mtoto huunga upesi. Hakikisha unaunga ukiwa umenyooka.